Kiungulia cha Yaya: daftari la Kakontwe

Jumamosi, siku ya posho, 5 Oktoba 2024

Usiku wa kuamkia leo Yaya, dada yangu mkubwa, hakulala tena. Nilisikia kikohozi chake kikavu kupitia ukutani, kisha mlango wa nyuma, kisha kandambili zake uani. Nilipotoka nilimkuta amesimama chini ya mwembe, kiganja kifuani, anameza mate kila mara.

"Moto unapanda, mdogo wangu. Unaanzia hapa kwenye chembe cha moyo, unakuja mpaka kooni. Halafu maji makali yananijaa mdomoni."

Niliogopa kuwa ni moyo. Nikamwuliza kama maumivu yanashika taya au bega au mkono, kama anatokwa na jasho la baridi, kama pumzi inambana akibeba ndoo. Akasema hapana. Yanakuja akilala chali, na akiinama kusugua sufuria. Akisimama yanatulia kidogo. Angejibu ndiyo hata mara moja, ningemwamsha jirani mwenye gari palepale tukaenda hospitali.

Hapa kwetu tumbo lolote linalouma huitwa gastriti. Anayeungua baada ya kula ana gastriti, mwenye kidonda ana gastriti, mwenye njaa naye ana gastriti. Kiswahili kina neno lake la huu moto wa kifuani: kiungulia. Kuungua kumo ndani ya neno lenyewe. Nimeliandika juu ya ukurasa huu, na kuanzia leo nitaandika kila anachokula Yaya na saa anayokila, mpaka tujue.

Jumatatu, 7 Oktoba

Amerudi kutoka kituo cha afya na karatasi. Mwuguzi amemwandikia vitu vya kuacha: pilipili, nyanya, vitunguu, ndimu na machungwa, kahawa, chai kali, chokoleti, mnanaa, pombe, sukre na kila kinywaji chenye gesi, vyakula vya mafuta, vyakula vya kukaanga.

Nilimsomea polepole. Chokoleti na mnanaa havijawahi kukaa ndani ya nyumba hii. Vilivyobaki ndicho chakula chetu. Sombe bila mawese na kitunguu ni majani ya kuchemsha. Ndakala bila nyanya hazina mchuzi wa kuchovyea bukari, ugali wetu. Na Yaya anaishi kwa kukaanga: tangu mume wake afariki, mikate anayouza asubuhi kandokando ya barabara ndiyo imesomesha watoto wawili. Aliisikiliza karatasi ile kama mtu anayesomewa hukumu. Jioni alikula matonge manne ya bukari na lengalenga za maji na chumvi, akasukuma sahani.

Amekonda. Gauni la kanisani linamning'inia mabegani.

Jumatano, 9 Oktoba

Darasa la kemia. Chupa yetu ya asidi ya hidrokloriki imebaki matone, nimeyatunza tangu mwaka jana. Niliwaambia wanafunzi waniletee jiwe lolote la njiani, wakaleta la kijivu lililodondoka kutoka lori la machimbo. Nikatia tone moja. Jiwe likatoa povu jeupe, likachemka na kulia kidogo kama mafuta yanayoanza kushika moto, kisha likanyamaza. Pale tone lilipoangukia pakabaki kidoa kisafi.

Nikawaeleza kwamba hilo ni jiwe letu, chokaa ya Kakontwe. Wanajiolojia wameliita tabaka lote hilo la miamba ya Katanga kwa jina la mtaa huu, na umri wake unapita miaka milioni 600. Hata katika kiwanda cha Shituru, alikofanya kazi baba yetu, kazi ni hiyohiyo: asidi ya salfuriki inayeyusha shaba kutoka kwenye udongo wa mgodi, chokaa inakuja baadaye kuipunguza ukali.

Msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza: "Mwalimu, basi mwenye gastriti ale jiwe?"

Ni swali zuri, na nilimpa jibu refu. Vidonge vyeupe vya kutafuna ambavyo watu hununua kwa ajili ya tumbo, vingi vyake ni kalisi kaboneti, kitu kilekile kilichomo katika jiwe hili, ila kimesafishwa na kupimwa. Vinatuliza kweli, lakini kwa muda mfupi. Vikiisha nguvu, tumbo linaweza kumwaga asidi nyingine zaidi. Na ile gesi ya povu inatafuta njia ya kutokea, mtu anateuka, na kila anapoteuka mlango wa juu wa tumbo unafunguka. Unga wa jiwe la barabarani haupimwi na mtu yeyote. Chokaa iliyochomwa kwenye tanuri ndiyo hatari kabisa: moto umeigeuza, inababua mdomo na umio.

Kisha nikajisikia nikisema jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Asidi ya tumbo si adui. Ni kali, pH yake ni kama 1.5 hadi 3.5, na tumbo limeumbwa kuibeba. Umio haukuumbwa hivyo. Kati yao kuna msuli wa mviringo unaobana kama kamba ya mfuko wa unga. Ukilegea, asidi inapanda kwenda mahali pasipo pake. Kwa hiyo cha kuuliza ni nini kinachoulegeza ule mlango, na nini kinachousukuma kutoka chini.

Nimerudi nyumbani na jiwe mfukoni. Yaya ameliweka dirishani.

Jumapili, siku ya yenga, 13 Oktoba

Baada ya misa mama jirani alikuja na pemba, vijiti vitatu vyeupe vya udongo wa kutafuna, vya sokoni, vilivyofungwa kwenye karatasi. Binti yake ana mimba ya miezi saba, anazitafuna mchana kutwa, anasema zinazima moto. Namwamini kwamba anaungua. Mimba yenyewe inaulegeza ule msuli, na mtoto anavyokua analisukuma tumbo juu. Ila pemba inazuia damu kupata madini ya chuma, na mama mjamzito anayahitaji kuliko sisi sote. Halafu sisi tunaishi katikati ya migodi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakakuta kobalti na metali nyingine kwa wingi wa kutisha. Nani anajua kila kijiti cha pemba kimechimbwa wapi? Nilimwambia mama jirani kwa upole, kwa sababu alikuja kwa upendo. Vijiti aliviacha mezani.

Yaya anakunywa maziwa ya unga usiku. Glasi ya kwanza inamtuliza, baada ya saa moja anarudi uani. Zamani madaktari wenyewe waliamini maziwa. Mwaka 1915 daktari Bertram Sippy wa Chicago alitangaza tiba yake ya vidonda vya tumbo: maziwa na malai kila saa, pamoja na unga wa kupunguza asidi, na watu wakanyweshwa hivyo kwa miaka mingi. Sasa inajulikana kwamba maziwa yanalifanya tumbo litoe asidi tena, na mafuta yake yanachelewesha tumbo kujitoa.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimempeleka Yaya mjini kwa munganga, yaani daktari, mama wa makamo anayesikiliza kalamu ikiwa mezani. Karatasi ya mwuguzi aliitazama mara moja tu. Maswali yake yalikuwa mengine. Chakula kinakwama ukimeza? Umetapika damu, au kitu kama masalia ya kahawa? Choo ni cheusi kama lami? Yaya akajibu hapana kwa yote. Umepungua kilo ngapi? Tano au sita tangu Julai. Hapo munganga alinyamaza, akamwuliza kama amekonda huku akila au kwa kuogopa kula.

"Naogopa kula, mama."

Akampa wiki mbili. Kilo zikiendelea kushuka, twende Lubumbashi wamwingize kamera kooni, hakuna kungoja. Kisha akauliza ni dawa gani nyingine anazotumia, na hapo Yaya akafungua kitambaa chake: diklofenaki, za magoti, anazonunua moja moja kwa wauzaji wa njiani. Kwa siku nyingine anameza tatu. Mimi ndugu yake, ninayelala upande wa pili wa ukuta, sikujua. Munganga akamwambia aziache leoleo, zinachuna utando wa tumbo na zinaweza kutoboa. Kwa magoti atumie parasetamoli, kwa kipimo.

Ameandikiwa omeprazoli ya miligramu 20, kila asubuhi nusu saa kabla ya kula. Nusu saa hiyo ina sababu yake. Dawa inafunga pampu zinazomwaga asidi, na pampu zinaamshwa na chakula, kwa hiyo dawa lazima iwe imeshafika zinapoamka. Wengi mtaani wanaimeza baada ya kushiba na kusema haifanyi kazi.

Njiani Yaya aliniuliza kama ana vidudu vya tumbo, kwa sababu shoga yake ametibiwa hivyo. Nikamsimulia habari ya Barry Marshall wa Australia, aliyekunywa mwenyewe bakteria hao mwaka 1984 akaugua tumbo, ili kuthibitisha yale aliyoyagundua na Robin Warren, na wote wawili wakapewa tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Hao huleta vidonda. Huu wako ni moto wa mlango uliolegea, ni ugonjwa mwingine. Alicheka kidogo, mara ya kwanza wiki hii, akasema mzungu huyo hakuwa na dada wa kumkataza.

Ijumaa, 25 Oktoba

Umeme umekatika. Nimewasha mshumaa nikakaa na daftari, nikahesabu.

Siku kumi zilizopita. Usiku sita mbaya, nne nzuri. Nilitegemea nyanya zionekane upande mmoja. Sivyo. Nyanya zimo katika usiku mzuri na mbaya sawasawa. Pilipili vilevile, ingawa alipotafuna mbichi nzima jioni ya tarehe 18, koo lililokwisha kuchubuka lilimwuma palepale. Kitunguu kilichopikwa hakikufanya lolote, kibichi cha kwenye samaki wa Kapolowe kilimrudia kwa kuteuka.

Mara mbili alikunywa munkoyo wa siku ya tatu, uliokwisha kuchachuka, na mara zote mbili aliungua. Munkoyo wa siku ileile, ule mtamu, alikunywa kikombe akalala.

Kila asubuhi anapokaanga huonja mikate miwili mitatu ya moto ili ajue chumvi na sukari, kabla hata ya chai. Saa mbili baadaye anaungua. Hiyo imeandikwa mara saba kati ya kumi. Mafuta yanaulegeza mlango na yanakaa tumboni muda mrefu, na yeye ameinama juu ya karai.

Lakini lililonifanya niweke kalamu chini ni safu ya saa. Usiku wote sita mbaya alikula baada ya 20:30, na akalala kabla ya nusu saa kupita, kwa sababu 3:30 lazima aamke kukanda unga. Usiku nne nzuri: mara mbili tulikula mapema kwa sababu ya ibada ya jioni, mara moja alikaa mpaka usiku sana akimngoja mwanawe kutoka Kambove, na mara moja alikula kidogo sana.

Mwalimu mwenzangu wa biolojia alinitumia kwenye simu muhtasari wa uchunguzi wa watafiti wa Stanford wa mwaka 2006. Walikusanya tafiti nyingi zilizotangulia wakauliza ni nini hasa kinachosaidia. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kuacha chakula fulani au kinywaji fulani kunawatibu wagonjwa wote. Walioutoa ushahidi ni wanene waliopunguza uzito, na waliolala kitanda kikiwa kimeinuliwa upande wa kichwa. Wataalamu siku hizi wanasema mgonjwa atafute vile vinavyomchoma yeye mwenyewe, na asile saa mbili tatu kabla ya kulala. Yaya hana unene wa kupunguza. Ana kitanda.

Ninaandika hili kwa uchungu. Karatasi nyingi za ushauri zinasema kula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Kakontwe nyumba nyingi zinawasha moto mara moja. Makala, yaani mkaa, ni ghali, unga ni ghali, mama anarudi sokoni jua limezama, na bukari yote ya siku inaliwa usiku kwa mkupuo mmoja, mtu ana njaa ya tangu asubuhi, kisha analala. Tumbo limejaa mpaka shingoni na mwili umelazwa. Kwa miaka mingapi tumewalaumu mama zetu kwa pilipili, na hatukuwauliza mlo wao wa kwanza wa siku ni saa ngapi? Baba alipopokea posho ya kampuni ya migodi, Union Minière, unga na samaki wa wiki nzima, siku ya Jumamosi, mama alipika mchana na jioni. Posho ilikwisha, ikabaki kuwa jina la siku.

Siku ya posho, 26 Oktoba

Fundi wa hapa jirani, anayejenga kwa mawe, amenichongea vipande viwili vya chokaa ya Kakontwe, kila kimoja na kishimo katikati cha kupokelea mguu wa kitanda. Nimevipima kwa rula ya shule: sentimita 18. Tumeinua upande wa kichwa, mimi na mpwa wangu, Yaya akisimama mlangoni akiwa na mashaka.

"Nitateleza kama mtoto kwenye ubao."

Nilimweleza kwamba mito haitoshi. Mito inakunja kiuno, tumbo linabanwa zaidi. Mwili wote uteremke, kichwa juu, ili asidi ikitaka kupanda ipande mlima. Na alale ubavu wa kushoto: kwa jinsi tumbo lilivyokaa, ukilala kushoto mlango unakuwa juu ya maji, ukilala kulia unazama ndani yake.

Unga mweupe wa mawe umebaki sakafuni. Aliufagia mwenyewe, akagusa jiwe moja kwa kidole. "Haya ndiyo uliyotia dawa darasani?" Ndiyo, haya.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua nzuri. Tumepanga hivi: bukari inapikwa 16:30, anakula nusu yake kabla ya jua kuzama. Nusu nyingine inafunikwa, sombe inafungwa kwenye sufuria na matambara ndani ya kikapu, na kesho saa sita mchana anaipasha kidogo akaila. Makala ni yaleyale, hayajaongezeka. Ilitakiwa mtu wa kuja nyumbani mapema kuwasha moto, na mtu huyo sasa ni mimi. Nimejifunza kusonga. Wiki hii matonge yangu yamepata sifa mara moja.

Mikate anaionjesha binti yake.

Amerudishwa kwenye mizani ya munganga: kilo moja na nusu zimerudi.

Siku ya yenga, 17 Novemba

Ubatizo wa mjukuu wa shemeji. Kulikuwa na kuku, chikanda ya karanga, sukre za kila rangi, na bia kwa wazee. Nilimwona Yaya akiitazama chikanda. Hajaigusa tangu Septemba, kwa sababu ina pilipili na magadi na karanga, na kwenye akili yake vyote hivyo vimeandikwa kwenye ile karatasi ya kwanza.

"Kula," nikamwambia. "Ni saa saba mchana. Kaa wima, tembea kidogo, tuandike."

Alikula vipande viwili polepole, macho yamefumba. Sukre aliikataa mwenyewe, alishajua kwamba gesi inampandisha. Alikunywa maji. Jioni hakula tena. Nimeandika: chikanda, pilipili ndani, 13:00, hakuna moto mpaka 22:00. Akaniomba niiandike mara ya pili kwa herufi kubwa.

Bia za wazee ziliendelea mpaka usiku, na mume wa shangazi alilala chali kwenye mkeka. Nilimsikia akikohoa kikohozi kile ninachokijua sasa. Kesho nitampitia.

Jumatano, 4 Desemba

Maembe yameanza kuanguka. Munganga amesema wiki nane za dawa zikitimia apunguze kidogo kidogo, na moto ukirudi asijifiche.

Leo alikula saa kumi na moja na nusu jioni: bukari, ndakala na nyanya, pilipili nusu. Alioga, akakaa uani akipepeta unga wa kesho huku akisimuliana na mama jirani, ambaye binti yake amejifungua mtoto wa kike na hatafuni tena pemba. Saa tatu akaniaga.

Nimetoka kufunga mlango wa nyuma saa tano. Chini ya mwembe hapakuwa na mtu. Nimesimama kwenye ukuta wake nikasikiliza: kitanda kimelia mara moja juu ya mawe, amegeukia kushoto, kisha pumzi ndefu.